Tupeane uzoefu: kompyuta ya gemu ya kujenga kidogo kidogo, ulianza na kifaa gani?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu. Wengi wetu hatununui kompyuta ya gemu kwa mkupuo. Leo unapata prosesa, mwakani kadi ya grafiki, ramu nyingine inangoja bonasi. Kwa mwendo huo, kinachoamua kama utafika ni vile vifaa vinavyokaa muda mrefu: madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), pawa saplai (inayogawa umeme) na kava. Huko ndiko pa kuweka hela ya maana mapema.

Naanza mimi. Nilijenga kwenye soketi (sehemu ya madabodi inayoshika prosesa) ya AM4: madabodi ya B450, prosesa ya Ryzen 5 2600, ramu za DDR4. Gemu zilipozidi kuwa nzito nikang'oa prosesa, nikaweka Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022. Madabodi ileile, ramu zilezile, na tofauti ni kubwa mno. Ila sasisha BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha mashine, ukiwa bado na prosesa ya zamani. BIOS ya zamani haiitambui mpya, utaishia kutazama kioo cheusi. Na chomeka kwenye UPS (betri ya akiba) kwanza, maana umeme ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa, madabodi inaweza isiwake tena. Mimi kazi hiyo niliifanya alfajiri, saa ambazo kwetu umeme hausumbui.

Karibuni.

Mdau wa Mwanza

Mkuu umenena. Mimi ni fundi, na ninachowaambia wateja kila siku ni pawa saplai. Usiamini namba kubwa iliyochorwa ubavuni. Geuza, soma stika, tafuta safu ya 12V. Ampea 54 mara 12 ni wati 648, hiyo ni 650 ya kweli. Ukikuta imeandikwa 650 na safu ya 12V ina ampea 30, umeshika wati 360, na prosesa na kadi ya grafiki zinakula hukohuko kwenye 12V.

Kuna kijana alikuja na bajeti ya RX 6600, kadi ya wati 132. Pawa saplai ya wati 450 ingemtosha, nikamshauri achukue 650 nzuri. Juzi karudi na kadi inayokula wati zaidi ya 200, tumechomeka tu, hatukugusa kingine.

Mdau wa Nairobi

Hamjambo. Mimi nilianza na mashine ya ofisi iliyotumika, zile zinazouzwa kwa wingi mtaa wa Luthuli hapa Nairobi. Kwa anayeanza na hela kidogo ni njia nzuri sana, nami naitetea. Lakini chagua ile ya mnara, usichukue ile nyembamba. Nyembamba inataka kadi fupi za kimo cha chini, na pawa saplai yake mara nyingi ina umbo lake na plagi yake, huwezi kuweka ya kawaida ya ATX (kipimo cha kompyuta nyingi za mnara). Nafasi ya kadi kwenye madabodi inatoa wati 75 tu, kwa hivyo nilitafuta GTX 1650 isiyo na waya wa ziada wa umeme. Mdogo wangu anacheza GTA V bila shida. Siku nikijenga upya, kadi na SSD nahama nazo. Madabodi na kava vitabaki hapo.

Mdau wa Mombasa

Ndugu zangu, mimi nina wazo tofauti kidogo. Hii habari ya soketi inakuzwa. Niko soketi ya LGA1700, ambayo imebeba prosesa za Intel kizazi cha 12, 13 na 14, na tangu ninunue prosesa ya i5 ya kizazi cha 12 sijaona haja ya kuigusa. Kilichobadilika kwangu ni kadi ya grafiki. Kama pesa ni ya kubana, weka kwenye pawa saplai na kadi. Ukija kuchoka na prosesa, huenda hata aina ya ramu imeshabadilika.

Mwanzisha uzi

Hoja yako naikubali kwa anayecheza kwenye kioo chenye picha kali zaidi, 1440p au 4K, huko kadi ndiyo inayolemewa. Kwa wanaocheza gemu za ushindani kwenye 1080p wakitafuta fremu (picha kwa sekunde) nyingi, prosesa inawahi kuwa kikwazo. Ndiyo maana anayeanza leo na vifaa vipya namwelekeza soketi ya AM5: ipo tangu 2022, imeshapokea prosesa za Ryzen 7000 na 9000. Ila inakubali DDR5 peke yake, ramu zako za DDR4 hazina kazi hapo.

Mdau wa Dodoma

Naomba niongeze la ramu, bado nasoma chuo na bajeti yangu naijua. Nilichukua madabodi yenye nafasi nne, nikaweka kijiti kimoja cha GB 8, nikapiga picha ya stika yake. Boom (hela ya mkopo wa chuo) lilipotoka nikaipeleka ile picha dukani, nikapata cha aina ileile na kasi ileile, 3200. Kutoka GB 8 hadi 16 kulisaidia, lakini vijiti viwili kufanya kazi kwa pamoja ndiko kulikoondoa ile mikwamo ya ghafla, hasa kwa sisi tunaotumia grafiki ya ndani ya prosesa. Kaka wa Mwanza, nikiongeza RX 6600 kwenye pawa saplai ya 500 yenye ampea 38 kwenye 12V, itabeba?

Mdau wa Mwanza

Wati 456 hizo dada, inabeba vizuri. Hakikisha tu ina plagi ya pini 8 ya kadi, na pima urefu ndani ya kava kabla hujalipa.