Kondoo wa akika: dopa, mwekundu wa Kimaasai au kichwa cheusi?

Mpwani77
Assalam alaikum jamani. Mungu ametujaalia mtoto wa kiume, na akika yake, yaani kumchinjia mtoto mchanga, nataka kuifanya Jumapili ya wiki ijayo hapa Majengo. Kondoo wawili, pilau ya watu kama sitini. Akika ya binti yangu nilinunua dume kubwa lenye pembe, nikaridhika na ukubwa wake. Nyama iliinjikwa saa mbili asubuhi, adhuhuri yapita bado yavutana kama mpira, na harufu imejaa ua mzima. Mama mkwe alikula matonge mawili akanawa. Iliniuma sana. Sasa muuzaji mmoja aniambia dopa, mwingine asema mwekundu wa Kimaasai ndiye mtamu, na shemeji ashikilia kichwa cheusi wa Kisomali. Siulizi wa kufuga, nauliza wa kula. Yupi?

MlaVyaPwani
Chukua mbuzi, ndugu.

Mpwani77
Mbuzi yuafaa, lakini mzee wangu ameomba kondoo, na sitaki kumvunja moyo.

MfugajiKinango
Hongera, Mungu amkuze. Nafuga dopa na wekundu pamoja. Dopa alizalishwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930, kwa kuchanganya Dorset Horn na kichwa cheusi wa Uajemi, na nyama ndiyo iliyokusudiwa. Paja nene, mgongo mpana, mafuta yametandaa mwili mzima. Mwekundu ni mdogo, na mafuta yake mengi yako mkiani. Kichwa cheusi wa Kisomali huyaweka matakoni, kwa hivyo nyama yenyewe hutoka kavu kidogo.

Lakini huku kwetu kwenye unyevu, minyoo ya tumbo humtesa dopa, mwekundu akastahimili. Watafiti wa mifugo waliwapima wote wawili Diani miaka ya 1990 na wakaliona hilo. Basi ukienda kununua, mfunue kope la chini. Ndani pawe pekundu. Pakiwa peupe, au ana uvimbe laini chini ya taya, mwache hata kama ni dopa.

MamaSinia
Mwanangu, nimepika masinia ya arusi miaka mingi. Kabla ya aina, tazama umri na kama amehasiwa. Lile dume lako lilikuwa zima tena limekomaa. Harufu ya kondoo imo ndani ya mafuta, na dume asiyehasiwa kila akikua huzidi kunuka. Tafuta maksai. Kwa akika hana kasoro.

Mfungue mdomo. Ukiona meno mawili makubwa katikati na mengine bado madogo, yuko mwaka na kitu. Huyo ndiye. Wa miezi minne ni laini zaidi, lakini kwa sisi wa madhehebu ya Shafii kondoo sharti atimize mwaka au awe ameng'oa meno, basi usishawishike. Na dopa wa umri huo aliyeshiba huwa na mafuta mengi, yapunguze kabla ya kupika. Mafuta ya kondoo huganda upesi: pilau ikipoa, yakushika kaakaani.

Mkia usiutupe! Mafuta yake ni laini kuliko ya mwilini. Yayeyushe polepole, ukaangie vitunguu vya pilau. Kwa hili namsifu mwekundu kuliko wote.

Kingine, chinja Jumamosi asubuhi. Tundika nyama kivulini penye upepo saa chache, kisha ndio itie friji. Ikiingia kwenye baridi kali ikiwa bado moto, misuli hujikaza na hailainiki tena. Jumapili chemsha kwa moto mdogo, shingo na bega kwanza.

MlaVyaPwani
Kwa supu pia mwekundu, nakubali. Dopa abaki wa kuchoma.

Mpwani77
Shukran nyote. Leo nimefungua midomo ya kondoo sita. Nimepata maksai wawili, machotara wa dopa na mwekundu, meno mawili mawili, kope nyekundu, mkia umejaa. Mamangu MamaSinia, mkia niukate vipi?

MamaSinia
Ukishachunwa, ukate vipande vya ukubwa wa kete. Sufuria, maji kidogo, moto mdogo. Maji yakikauka na vipande vikawa rangi ya dhahabu, chuja. Vitunguu viwe tayari.