Mtendaji wa kijiji nataka kupanda: nisome digrii sasa au nisubiri daraja? Naombeni ushauri

Njiapanda:
Habari za muda huu wakuu. Mimi ni mtendaji wa kijiji daraja la tatu, niliingia kwa astashahada ya Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, nikaomba kupitia Ajira Portal kama wengine. Nimeshathibitishwa kazini. Kazi naiweza, ila naona nitazeekea hapa nikiandika mihtasari ya halmashauri ya kijiji na kuamua kesi za ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu. Wenzangu niliosoma nao wako makao makuu ya wilaya kwenye viti vya kuzunguka. Nataka siku moja niwe afisa utumishi, Mungu akijalia mkuu wa idara. Je, nisome digrii ya utawala sasa hivi au nisubiri kwanza nipande daraja? Halafu kwa wanaojua, mtu akiwa masomoni kituo chake kinakuwaje? Matusi sihitaji, usingizi wenyewe sipati.

Shoka la Bega:
Viti vya kuzunguka vinaleta kizunguzungu mkuu. Baki na benchi lako.

Mzee wa Masijala:
Kijana wangu, mimi nimestaafu serikali za mitaa, nilianza nikiwa mtunza kumbukumbu. Nakwambia siri moja: faili lako likipotea masijala, wewe hujazaliwa. Kuna bwana mmoja alikaa daraja lile lile hadi akaota mvi, kumbe barua yake ya kupandishwa ilifungiwa kwenye faili la jina linalofanana na lake. Aliyeiona ni mimi, nikitafuta kitu kingine kabisa. Alinichinjia mbuzi. Siku hizi mna mifumo, mnajiona mko salama. Haya.

Mama Ikama:
Mzee shikamoo. Turudi kwa mtoa mada. Mdogo wangu, digrii peke yake haikubadilishii kada. Kwanza uwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri ya wilaya, upate ruhusa ya Mkurugenzi kwa maandishi, ndipo uende. Ukimaliza unaleta cheti, halmashauri inakuombea nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi walioidhinishwa) na bajeti. Nafasi ikipatikana unaanzia daraja la kuingilia la kada mpya, na kama mshahara wako wa zamani ni mkubwa kuliko wa hilo daraja, unaendelea nao kama mshahara binafsi. Nafasi isipopatikana, utabaki mtendaji wa kijiji mwenye digrii ukutani, na wako wengi. Ruhusa umeshaomba?

Njiapanda:
Asante sana dada, hayo ndiyo majibu. Barua nilimpa mtendaji wa kata aipitishe.

Mtumishi wa Bwana:
Vijana mna haraka. Kuna watu wana masters wanauza vocha, wewe una ajira ya kudumu unanung'unikia ng'ombe. Shukuru kwa kidogo.

Mama Ikama:
Barua kuipeleka kwa mtendaji wa kata siyo kupata ruhusa. Na hilo swali lako la "kituo kinakuwaje" limenikaa vibaya. Sasa hivi uko kituoni?

Shoka la Bega:
Jibu hilo mkuu, tumekaa hapa.

Njiapanda:
Sawa, niseme tu. Niko chuo, muhula wa kwanza. Ila msinielewe vibaya. Dirisha la udahili lilikuwa linafungwa, ruhusa haijaja, na ada nilishatafuta. Ningengoja ningeula wa chuya. Kijiji hakijakosa huduma hata siku moja. Mtu akitaka barua ya utambulisho naiandika kwenye simu, namtumia mwenyekiti kwa WhatsApp, anaiprinti stationery na kugonga muhuri. PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, najaza mwenyewe. Wikiendi nikipata nauli narudi. Kuna watendaji wapo kituoni kila siku na hawafanyi nusu ya hayo.

Mzee wa Masijala:
Muhuri wa ofisi yako uko kwa mwenyekiti?

Njiapanda:
Ni mtu mzima mzee wangu, anajiheshimu.

Mama Ikama:
Mdogo wangu, mwenyekiti amechaguliwa kwa kura. Katibu wa halmashauri ya kijiji na mwenye kujibu hesabu ni wewe. Na POS, mashine ya kukusanyia ushuru, iko wapi?

Njiapanda:
POS nimemwachia mgambo wetu. Mwaminifu, anakaa pale kwenye kizuizi cha barabarani tangu alfajiri na magari yote anayajua. Ushuru wa mazao unakusanywa kuliko hata nilipokuwepo.

Shoka la Bega:
😂😂😂 Mgambo!

Mama Ikama:
Kukusanya ni kitu kimoja, kuweka benki ni kingine. Ile mashine imesajiliwa kwa jina lako. Kila risiti inayotoka inakuwa deni lako hadi hela isome benki. Sasa hivi unasoma deni?

Njiapanda:
Deni lipo la kawaida. Kila mwenye POS anadaiwa, hata kwenye vikao vya mapato wanasomwa watu wengi.

Kipimapembe:
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu. Nani alisoma mapato na matumizi, nani aliandika muhtasari? Mtendaji wa kata amekaa na barua muhula mzima bila kugundua ofisi haina mtu? Huyu ni mwanachuo kapewa kazi ya darasani kuhusu uwajibikaji, anatuchota.

Shoka la Bega:
Hata mimi nilihisi. Chai yenyewe imezidi sukari.

Mzee wa Masijala:
Kipimapembe, wewe umekulia mjini. Kuna kijiji nilikijua, mtendaji walikuwa wanamwona siku ya Mwenge tu. Watu walidhani ndiye mkimbiza Mwenge.

Njiapanda:
Mnaona chai, mimi nakunywa. Mkutano uliahirishwa kwa sababu ya msiba, basi.

Afisa Kata:
Nimesoma kimya muda mrefu. Mimi ni mtendaji wa kata, sitasema wapi. Nina kijiji kimoja, nikimpigia mtendaji wake ananiambia yuko kwenye ujenzi wa zahanati, na nyuma yake nasikia watu wanapiga makofi kama kuna mtu amemaliza kuwasilisha mada. Mtoa mada, mgambo wako ana pikipiki nyekundu mpya?

Njiapanda:
Pikipiki ipi?

Shoka la Bega:
Naagiza soda.

Mama Ikama:
Acheni utani kidogo. Mdogo wangu, kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa kunatosha kukufukuzisha, na hapo hatujafika kwenye hela ya serikali. Kesho panda basi. Chukua POS kwanza, kabla ya muhuri. Toa taarifa ya makusanyo yote, linganisha na stakabadhi za benki, ujue pengo ni kiasi gani. Kisha nenda ofisi ya utumishi wewe mwenyewe, wasije wakakufuata wao. Chuo utaomba kuahirisha mwaka.

Njiapanda:
Nimekuelewa dada. Ila barua ya ruhusa haiwezi kuandikwa kwa tarehe ya nyuma? Nauliza tu.

Mama Ikama:
Hapana.

Njiapanda:
Sawa. Kesho saa nne nina jaribio la alama 20, nikitoka hapo naenda stendi. Afisa Kata, nakuja inbox. Hiyo pikipiki ina namba au bado?