Mtoto ana miaka miwili na hasemi: tungoje au tuhangaike?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nalileta hili hapa kwa sababu nyumbani limeshatugawa. Mtoto wa dada yangu ana miaka miwili na miezi miwili. Maneno yake nimeyahesabu mwenyewe: saba, na mawili kati ya hayo ni milio ya wanyama. Akitaka maji hasemi. Anakuja, anakushika kidole, anakuvuta mpaka bombani, anaupachika mkono wako juu ya koki, kisha "mm". Ukifungua anacheka, anakutazama.

Daktari aliyemtibu kikohozi aligusia tu akiwa anaandika: ngojeni, wavulana huchelewa. Bibi yake kaafiki, maana baba wa mtoto naye alianza kusema na miaka mitatu, "na leo hanyamazi". Dada yangu halali usiku.

Msimamo wangu, nisionekane nauma na kupuliza: hiyo "ngojeni" naipinga. Sisemi kila aliyechelewa ana tatizo. Katika watoto wanaochelewa wakiwa na miaka miwili bila dalili nyingine, tafiti nyingi zinaonyesha nusu yao au zaidi huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Lakini nionyesheni mtu anayeweza kumtazama mtoto mmoja akajua huyu yumo kundi lipi. Hayupo. Kama ni kungoja, basi tungoje huku kazi inaendelea, na masikio yapimwe wiki hii, si mwakani. Karibuni tupingane.

Bibi wa Wajukuu Sita
Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa. Nimelea watoto wanne na wajukuu sita. Wawili walichelewa, mmoja akatembea kabla ya mwaka na kusema baada ya mitatu. Hatukumpeleka popote. Siku hizi mtoto akipiga chafya anapewa jina la ugonjwa. Mkishamwita "mwenye tatizo" mbele za watu, hilo jina mtalifuta kwa nini? Watoto hawakufyatuliwa kama matofali. Hata Einstein mnayemsifu alichelewa kusema.

Nesi wa Zamu
Shikamoo bibi. Kwenye jina nakuunga mkono kabisa, nimeona wazazi wakibandika majina kabla ya kipimo chochote.

Ila Einstein umemtaja vibaya. Ni kweli, mwaka 1954, mwaka mmoja kabla ya kufa, aliandika kwamba alichelewa kusema. Katika maneno hayohayo alisema wazazi wake waliingiwa na wasiwasi wakamwona daktari. Kwa hiyo hata kwa akina Einstein hawakukaa tu.

Mleta mada, hilo la kuupachika mkono wako kwenye koki limenifanya nisome mara mbili. Nakuuliza: ananyoosha kidole? Na sizungumzii kuomba. Nazungumzia kukuonyesha kitu ambacho hakihitaji, ili tu nawe ukione. Akiitwa anageuka? Ukimwambia "lete kiatu" bila kukionyesha kwa mkono, analeta?

Mleta mada
Kiatu analeta, na mara nyingine analeta cha mtu mwingine. Kidole ananyoosha. Juzi alinionyesha mwezi, akanigeukia kuhakikisha nimeuona. Kuitwa ndiyo utata: kuna siku anageuka, kuna siku unaita mpaka unachoka.

Nesi wa Zamu
Mwezi umenipa moyo. Anayeelewa na anayeonyesha ana nafasi nzuri kuliko yule asiyefanya yote mawili. Lakini hilo la mwisho ndilo linalonifanya niseme masikio kwanza. Maji yanaweza kukaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, bila homa wala maumivu. Mtoto anasikia leo, kesho anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa. Atageukia mlango ukigongwa, wewe utasema anasikia, kumbe sauti ndogo za maneno zinampita.

Na kwa wote wanaosoma kimya: mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza hangojwi hata kidogo, awe na umri wowote.

Baba Pacha
Mnabishana kuhusu kungoja wakati hata wakubwa hawajakubaliana mtoto anatakiwa awe wapi. Februari 2022 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, pamoja na chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo, walitoa orodha mpya ya hatua za ukuaji. Awali hatua iliwekwa kwenye umri ambao karibu nusu ya watoto wameifikia. Sasa ni umri ambao robo tatu au zaidi wameifikia. Maneno 50, ambayo wataalamu wa usemi walizoea kuyatarajia karibu na miaka miwili, yakaandikwa kwenye miezi 30. Kelele zikaanza: mmeshusha kipimo, watoto wenye shida watapita katikati ya vidole. Chama cha wataalamu wa usemi cha hukohuko, ASHA, kikatoa orodha yake mwaka 2023.

Nilipoisoma habari hiyo nilikasirika, baadaye nikabadilika. Orodha ya nusu kwa nusu ndiyo iliyolea hii "ngojeni". Daktari alijua nusu ya watoto wako nyuma ya mstari, angemtuma kila mmoja wapi? Ukiambiwa wengine robo tatu wameshapita na wako bado, huna pa kujificha. Kwa mtoto wa mleta mada, miezi 26, orodha hiyo mpya ilitaka awe ameunganisha maneno mawili tangu miezi 24. Hajaunganisha. Hata kwa kipimo kilicholegezwa, yuko nje.

Nyongeza, kwa wale wanaoanza kumnyooshea mama kidole. Wangu ni pacha. Mmoja alikuwa anatoa sentensi, mwenzake analia na kuonyesha. Nyumba ileile, kitanda kilekile, mama yuleyule anayeongea bila breki. Mwambieni dada yako alale.

Mwalimu wa Chekechea
Breki umeitaja wewe, mimi nataka kuikanyaga. Wazazi wakiambiwa "ongea na mtoto" wanageuka redio. Nimeona baba akimwuliza binti yake maswali sita mfululizo, "hii nini, na hii, na ile, sema basi", mtoto kainamisha kichwa. Ule ni mtihani.

Jambo moja tu naomba mlijaribu. Kaa chini, uso wako uwe sawa na wake. Shika mpira, usiurushe. Mtazame. Nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Tano ni ndefu sana kwa mtu mzima, mikono inawasha. Mtoto wangu darasani, ambaye mama yake aliapa haongei, kwenye nne alitoa "pi". Nikamrushia nikasema "mpira! mpira umekuja". Sikumwambia "sema vizuri". Safari ya saba au ya nane akasema "pila". Kupokezana ndiko kunakobeba lugha, kama rede: bila kurudishiwa mpira hakuna mchezo.

Na simu, jamani. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani walichukua watoto wa miezi tisa wanaolelewa kwa Kiingereza. Kundi moja lilikaa na watu wanaoongea Kichina, vikao 12, wakicheza na kusomewa. Kundi jingine likatazama watu haohao kwenye runinga. Wa kwanza walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa pili, patupu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: chini ya miaka miwili, kukaa mbele ya skrini hakushauriwi. Miaka miwili mpaka minne, isizidi saa moja, na pungufu ni bora.

Mama Anayechoka
Mwalimu, heshima yako, ila hiyo skrini inanipa dakika 20 za kuoga na kupika. Mnaandika kana kwamba kila nyumba ina mtu mzima wa ziada wa kukaa sakafuni na mpira.

Mwalimu wa Chekechea
Pole mama, umenikamata. Dakika 20 za kuoga sizigombi. Ninayoigomba ni runinga inayowaka siku nzima bila mtazamaji. Utafiti wa mwaka 2009 uliowavalisha watoto vinasa sauti uligundua kila saa moja ya runinga inayosikika inaendana na mtoto kusikia maneno kama 770 pungufu kutoka kwa watu wazima. Hapo watu wazima wamenyamaza tu, hata hawana habari. Kuizima hakuhitaji mtu wa ziada.

Mpenda Isimu
Nitakuwa mkorofi kidogo. Hizi hesabu za maneno zina historia ya kutiwa chumvi. Ile hadithi maarufu ya watoto maskini kusikia maneno milioni 30 pungufu, ya mwaka 1995, ilitokana na familia 42 tu, na wengine waliorudia kazi hiyo walipinga ukubwa wa pengo. Kuna jamii ya Tsimane, Bolivia, ambako utafiti uliotoka mwaka 2017 ulikuta watoto walio chini ya miaka minne wanasemeshwa moja kwa moja chini ya dakika moja kwa kila saa ya mchana. Wanakua, wanaongea Kitsimane. Kwa Wakaluli wa Papua New Guinea watu wazima hawakuwa na desturi ya kuzungumza na mtoto mchanga kama mwenzao wa mazungumzo. Nao wanaongea. Kwa hiyo bibi ana hoja: lugha ni ngumu kuizuia.

Ila hoja hiyo ina mpaka. Inahusu mtoto ambaye masikio na ubongo havina kikwazo. Mwenye kikwazo ndiye anayehitaji mpira wa mwalimu.

Na jingine, linatuhusu sisi tunaoongea Kiswahili. "Maneno mawili pamoja" ni kipimo kilichokatwa kwa mwili wa Kiingereza. Mtoto wetu akisema "limeanguka", huyo kakusanya mambo ambayo Mwingereza anayataja kwa maneno matatu. Utamhesabia moja? Halafu wengi wadogo huangusha viambishi vya mbele, "taka" badala ya "nataka", mzazi anadhani ni neno lililovunjika. Muandikie analosema, kama anavyolisema. "Pila" ikimaanisha mpira kila siku, hilo ni neno. Hata mlio wa mnyama ni neno, mleta mada, usimpunje.

Jirani Mpya
Swali la haraka: sisi nyumbani tuna lugha mbili, tumeambiwa tuache moja mtoto atasema upesi. Kweli?

Nesi wa Zamu
Hapana. Msiache. Lugha mbili haimsababishii mtoto ulemavu wa lugha. Hesabuni maneno yake ya lugha zote kwa pamoja. Akiwa nyuma hata hapo, atakuwa nyuma kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo ya kutafutwa.

Bibi wa Wajukuu Sita
Nimewasoma nyote, hata huyu wa isimu aliyeniunga mkono kisha akanivuta zulia. Bado nasema mtoto asitishwe. Lakini hicho kipimo cha masikio, mtoto wa miaka miwili anakaaje? Wangu akimwona tu mwenye koti jeupe nyumba nzima inajua.

Nesi wa Zamu
Bibi, kipo ambacho hakimhitaji aseme wala afanye chochote. Kijiti kidogo laini kinakaa mlangoni mwa sikio, kinapiga sauti, kinasikiliza sikio la ndani linavyojibu. Akitulia, dakika chache tu. Na akilala ndiyo raha zaidi.

Mleta mada
Miadi ni Alhamisi, saa nane mchana, muda wake wa kulala. Bibi yake kasema atakwenda naye, atambeba yeye mwenyewe.