Mdogo wangu na mkono wa bandia wa neva, watu washaanza kumwita roboti, naombeni ushauri

Mtoto wa Langoni: Asalaam aleikum wanajamvi. Mdogo wangu ni mvuvi hapa Amu (Lamu), mwaka jana pangaboi la boti lilimkata mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Ami yetu alioko Ujerumani ataka kumnunulia ule mkono wa kuendeshwa na mishipa ya fahamu, yaani neva, ukiwaza kufunga ngumi unafunga. Sasa maneno ya barazani, eti atakuwa nusu mtu nusu mashine, saibogi, na yeye yashaanza kumuingia. Usiku huniamsha, kidole cha mkono ambao haupo kimejikunja chamuuma, aniambia nikunjulie, basi mimi napapasa kile kigutu mpaka alale. Nimshauri nini jamani?

Fundi Viungo: Pole sana ndugu yangu. Mingi ya mikono hiyo haigusi neva yenyewe, amri inatoka ubongoni inapita kwenye neva mpaka kwa misuli, misuli ikikaza inatoa umeme mdogo sana, elektrodi (vipande vya kunasa umeme) za ndani ya soketi, yaani kile kikombe kinachovishwa kigutu, zinaudaka juu ya ngozi, mota inafunga vidole. Na misuli inayovuta vidole mingi iko kwenye kigasha, so kama kimebaki kipande kizuri huenda asihitaji operesheni. Kazi ngumu ni kwa aliyekatwa begani. Kule Chicago daktari Todd Kuiken na wenzake walichukua neva za mkono za Jesse Sullivan, fundi wa umeme aliyepoteza mikono yote miwili 2001, wakaziunga kwenye misuli ya kifua, akiwaza kufunga mkono kifua kinacheza na mkono unafunga! Mdogo wako afumbe macho kila siku afunge na kufungua huo mkono usiokuwepo, misuli isilale, na wengine maumivu hupungua.

Binti Mkomani: Hilo neno saibogi walilitunga Manfred Clynes na Nathan Kline 1960, wakiwaza binadamu wa kwenda anga za juu aliyeungwa na vyombo vinavyofanya kazi mwilini bila yeye kuvifikiria. Basi mzee aliyewekewa betri ya moyo analistahili zaidi kuliko kijana anayevua mkono wake akilala, na huyo mzee twampa shikamoo yake na hakuna anayemwita mashine.

Abu Twaha: Akitawadha avue, aoshe kilichobaki mpaka kiwiko. Asitiwe wasiwasi wa bure.

Wa Kizingitini: Mimi naogopa maji ya chumvi tu, mota na betri na bahari wapi na wapi. Chomboni atumie ile kulabu inayovutwa na kamba ya begani, huu wa umeme awe nao nchi kavu. Na ami asilipe kabla hamjajua soketi itarekebishwa wapi, kigutu hupungua na soketi inalegea.

Mtoto wa Langoni: Shukran sana, nimemsomea zote. Kanyamaza kitambo, nikaona kigutu kinachezacheza ndani ya shati, halafu akauliza hiyo kulabu yaweza kushika mshipi samaki akivuta?