Mjadala: Kwa mpaka wa Ruvuma, ndege ya kivita yenye rubani au isiyo na rubani?

Mtoa mada, Mtwara Mjini

Jumamosi iliyopita, kwenye baraza la kahawa, mzee mmoja aliyestaafu jeshi alishikilia kwamba nchi yenye gesi baharini na vita ng'ambo ya mto haiwezi kukaa bila ndege za kisasa zenye rubani. Kijana mmoja, fundi simu, akamjibu kwamba fedha hizo zinunue ndege zisizo na rubani, kwani ndizo zilizoipa Azabajani ushindi katika vita vya Nagorno-Karabakh mwaka 2020. Adhana ya magharibi ikawakatiza. Naufungua upya ubishi wao kwa sababu wote wawili walibishania nguvu ya chombo, wakaliacha swali ambalo mnunuzi mdogo hana budi kuanza nalo: chombo hicho kitaruka kwa idhini ya nani?

Kwanza kazi yenyewe. Uasi wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya Ruvuma, ulianzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, Oktoba 2020 washambuliaji wakavuka mto na kuingia kijiji cha Kitaya, huku kwetu, na Machi 2021 wakauvamia mji wa Palma, hata mradi wa gesi wa TotalEnergies ukasimama. Adui wa namna hiyo hana ndege. Ana mtumbwi, pikipiki na msitu. Ndege inayokwenda kasi kuliko sauti itapita juu ya Kitaya kwa sekunde chache kisha irudi kujaza mafuta, ilhali Bayraktar TB2, ndege isiyo na rubani ya Uturuki, ambayo mwendo wake haulizidi sana basi la Dar es Salaam, yaweza kukaa angani zaidi ya saa 20 ikiutazama mto kwa kamera ya mchana na kamera ya joto. Hapo namuunga mkono fundi simu. Ila likija suala la kuzuia ndege ya nchi nyingine, mzee ana haki, kwa kuwa TB2 hubeba mabomu madogo manne tu, haina mbio, na huko Ukraine, baada ya sifa za miezi ya mwanzo ya 2022, mitambo ya Urusi ya kutungulia ndege iliziangusha nyingi.

Sasa idhini. Mwaka 1977 Marekani iliizuia Israel kuiuzia Ecuador ndege zake za kivita za Kfir, kwa hoja kwamba injini yake ilikuwa ya Kimarekani. Mwaka 2019 Uturuki, iliyokuwa mshirika katika kutengeneza F-35, ndege ya kivita ya Marekani, ilitolewa kwenye mpango huo kwa kosa la kununua mitambo ya Urusi ya kutungulia ndege, S-400. Wala asidhani mtu kwamba ndege isiyo na rubani imeikwepa kamba hiyo: Oktoba 2020 Kanada ilisimamisha uuzaji wa kamera zilizokuwa zikifungwa kwenye TB2, na Waturuki wakalazimika kufunga za kwao. Wao wana viwanda vya kutengeneza kamera. Sisi tungefunga nini?

Uchina huonekana muuzaji asiye na masharti, kwa kuwa haimo katika utaratibu wa mwaka 1987 wa kudhibiti teknolojia ya makombora, ambao kwa miaka mingi uliizuia Marekani kuuza ovyo ndege kubwa zisizo na rubani. Ndiyo maana Misri, Iraki na Nigeria zilikwenda kununua kwake. Lakini vipuri navyo ni sharti, hata visipoandikwa kwenye mkataba. Afrika Kusini ilinunua ndege za kivita 26 aina ya Gripen kutoka Uswidi, na mwaka 2021 mkataba wa matengenezo ulipokwisha zikakaa chini kwa muda mrefu, hakuna aliyezipiga risasi hata moja.

Mchangiaji, Lindi

Ndugu mtoa mada, umeieleza vizuri kamba ya muuzaji, ila umeipita haraka kamera uliyoisifu. Tarehe 3 Desemba 2023, katika kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, ndege isiyo na rubani ya jeshi la Nigeria iliwapiga watu waliokusanyika kwa Maulidi, wakafa zaidi ya 80, na jeshi lenyewe likakiri kwamba liliwadhania wahalifu. Kamera iliona kundi la watu usiku, basi. Nasi pwani hii twasoma Maulidi usiku, uwanjani, chini ya mwembe. Rubani pia hukosea, sikatai; ila chombo kinachokaa angani mchana kutwa kwa gharama ndogo humzoesha mwenye nacho kukitumia.

Mchangiaji, Newala

Mnabishana juu ya mpaka unaofutika, ule wa kati ya ndege yenye rubani na isiyo na rubani. Kızılelma ya Uturuki, ambayo ni ndege ya kivita ya jeti isiyo na rubani, iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 2022, na MQ-28 iliyobuniwa Australia, nayo isiyo na rubani, inayokusudiwa kuruka sambamba na ndege zenye marubani, ilitangulia mwaka 2021. Kwa nini tusisubiri?

Mtoa mada

Ndugu wa Newala, Kitaya haikusubiri.

Ndugu wa Lindi, nimekubali, na narekebisha msimamo: zinunuliwe zisizo na rubani, kwanza zije bila mabomu, kwa ajili ya kutazama tu, na mikataba ya vipuri na mafunzo ya mafundi itiwe saini kabla ya ndege zenyewe. Tena mbele ya kioo akae mtu anayeujua mto. Wamakonde wako kingo zote mbili, na ndugu huvuka kwa mtumbwi kwenda msibani bila kujali saa. Mvuvi wa Kilambo naye hutoka usiku, kwa sababu samaki wake hutoka usiku. Kwenye kamera ya joto huyo ni doa jeupe juu ya maji, sawa na yule aliyekuja Kitaya.