Tupeane uzoefu: riwaya zilizotushika na malengo yetu ya kusoma, watu wa Mtwara na Lindi

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Naomba sisi tunaosoma riwaya huku kusini tupeane uzoefu: ipi ilikushika, uliipataje, na mwaka huu umejiwekea lengo gani la kusoma. Idadi ya vitabu pekee haitoshi. Tuambie kitabu kilikufanyia nini.

Naanza mimi. Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumsoma, ingawa ni mzaliwa wa Zanzibar. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 baadaye ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na hiyo ndiyo niliyoisoma. Kijana Yusuf anakabidhiwa kwa tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, na mwenyewe hajui kwamba amewekwa rehani. Baadaye anaingia kwenye msafara wa kwenda bara. Niliposoma, akili yangu yote ilikuwa Mikindani na Kilwa Kivinje, maana misafara ya pembe na watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa iliishia pwani yetu hii. Shuleni tulifundishwa njia na bidhaa zake. Humu nimekutana na mtoto anayeogopa mbwa usiku.

Lengo langu: kila riwaya nikiimaliza, namsimulia mama, ambaye macho hayamruhusu tena kusoma. Nilipofika pale Yusuf anaondoka nyumbani, mama akanikatisha: "Na mama yake alisemaje?" Nikakirudia kitabu usiku uleule kutafuta jibu. Tangu hapo nasoma polepole zaidi, nikijua kuna mtu ataniuliza.

Karibuni.

Mkulima, Tandahimba

Mwanangu, umeuliza jambo zuri. Mimi kusoma kwangu kunafuata mkorosho. Kuanzia Juni tunapulizia salfa, na ukirudi nyumbani macho yanawasha, kitabu hakishikiki. Oktoba tunaokota, tunaanika, tunapeleka ghalani na kusubiri mnada. Pesa ikiingia, ada za watoto kwanza, kisha namwagiza kijana anayekwenda Dar aniletee kitabu. Nasoma masika, siku ambazo mvua hairuhusu kwenda shamba.

Kilichonishika mimi ni Gamba la Nyoka cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1979. Kinasimulia watu wanaotakiwa kuhamia vijiji vya ujamaa na hawataki. Yeye alikuwa mtu wa Ukerewe, lakini nilipokisoma niliiona nyumba yetu. Baba yangu alihamishwa miaka hiyo ya sabini. Mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake ikabaki kule, nyasi zikaimeza, akawa anatembea saa nyingi kwenda kuokota kidogo alichoweza, mpaka akaacha. Hakuwahi kukaa akatusimulia vizuri. Alikuwa akisema tu "tulihamishwa", basi. Riwaya ndiyo iliyonipa maneno ambayo baba hakuyatoa: mabishano ya usiku, vijana wasomi wakitazamana na wazee, watu wanaotii na ndani wanaungua. Nilisikitika kwamba nilikisoma mzee ameshafariki, maana ningekuwa na maswali ya kumuuliza.

Nakala yangu ina doa la bibo, tunda la mkorosho, katikati, mjukuu aliishika na mikono ya shambani. Mnajua maji ya mabibo hayatoki. Hata hivyo inasomeka, na imeshapita nyumba kadhaa hapa kijijini. Lengo langu ni moja: kila mwaka kitabu kimoja kipya kiingie kwenye mzunguko huo, na vijana wanaokichukua wakirudishe wakiwa wamekisoma. Huwa nawauliza.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Hayo ya mikorosho iliyobaki porini nitampelekea mama leo hii.

Bandarini, Mtwara

Kwangu ni Kuli cha Shafi Adam Shafi. Mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948. Msimu wa korosho ukianza na meli zikipanga foleni, nikiwatazama wabeba mizigo wetu, nakumbuka kurasa zile. Kitabu hiki kinamheshimu mtu anayebeba. Lengo: nimalize vyote vya mwandishi huyu, sasa niko kwenye Vuta N'kuvute.

Mwalimu, Masasi

Mimi ni mama wa mabinti. Rosa Mistika, cha huyohuyo Kezilahabi, nilikisoma kwanza nikiwa chuoni, nikamhurumia Rosa. Nimekirudia sasa nikiwa mzazi, macho yangu yote yakawa kwa Zakaria, baba yake, jinsi anavyombana mtoto kwa kipigo mpaka anatoka nyumbani hajui lolote kuhusu dunia. Kilitoka mwaka 1971 na kuna wakati kilipigwa marufuku mashuleni. Naamini mzazi anakihitaji kuliko mwanafunzi.

Lengo langu si vitabu vipya. Nataka kurudia vile nilivyosoma kwa ajili ya mtihani, wakati ule tulipokariri dhamira na wahusika na kusahau kufurahia hadithi. Binti yangu wa kidato cha tatu tunasoma kwa zamu nakala moja, yeye mchana, mimi usiku. Ameniambia jambo kuhusu Rosa ambalo asingeniambia kuhusu yeye mwenyewe. Nimelipokea hivyohivyo, sijamhoji.

Abiria, Lindi

Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga, nilikuwa kwenye basi la kutoka Dar. Abiria mwenzangu alikuwa na Kufa na Kupona cha Elvis Musiba. Akaniazima, nikakimaliza pale pale tukisubiri. Kuna watu wanazidharau riwaya za upelelezi. Mimi bila Willy Gamba, mpelelezi wa Musiba, nisingekuwa msomaji leo. Baada ya hapo nikatafuta vingine, sasa niko kwa Shaaban Robert. Lengo: kurasa chache kila usiku kabla sijagusa simu.

Mwalimu wa Masasi, ukimaliza Rosa Mistika naomba niazime. Mke wangu anakitaka.

Mwalimu, Masasi

Kaka, binti akimaliza mapitio yake nitakituma na basi la Lindi. Weka karatasi ngumu juu, jalada limeanza kuachia. Na mimi namuomba mzee wa Tandahimba hicho chenye doa la bibo, shuleni kwetu hakuna.

Mkulima, Tandahimba

Kipo kwa jirani, anakimalizia. Alhamisi kuna gari linakuja Masasi, nitampa dereva.