Kama Washirika wa 1945 wangegeukiana silaha, nani angemshinda mwenzake?

Mdau wa Makole, Dodoma:
Wadau, naomba mnisaidie kumaliza ubishi wa kijiweni kwetu, jirani na soko la Majengo. Inafahamika kwamba baada ya Ujerumani kusalimu amri Mei 1945, Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, aliwaagiza maofisa wake waandae mpango wa siri, uliopewa jina la Unthinkable, wa kuushambulia Umoja wa Kisovyeti, mshirika wa jana, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Nyaraka zake zilikuja kuwekwa wazi mwaka 1998. Mzee mmoja anashikilia kwamba Stalin, kiongozi wa Kisovyeti, angefika pwani ya Ufaransa kabla mwaka haujaisha. Mimi naona Marekani, ambayo viwanda vyake havikuguswa na vita, ingemchosha mapema. Nguvu halisi za kila upande zilikuwaje?

Mwalimu Mstaafu, Kisasa:
Ndugu, hesabu waliyoifanya Waingereza wenyewe ilikuwa ya kutisha. Wakuu wa majeshi walimweleza Churchill mwezi Juni kwamba Wasovyeti wangeweza kuweka Ulaya nguvu inayolingana na divisheni (yaani vikosi vikubwa vya jeshi) 264, ilhali Washirika wa Magharibi wangekuwa na 103 tu, na kati ya hizo ni 47 za Uingereza na Marekani zilizofikiriwa kufanya shambulio lenyewe. Mpango ulifikia hadi kutaja uwezekano wa kuwapa tena silaha askari wa Kijerumani waliokuwa wameshindwa wiki chache tu kabla, jambo ambalo kwa maoni yangu linatosha kuonyesha jinsi walivyopungukiwa na watu.

Hata hivyo, usihesabu divisheni kama unavyohesabu magunia. Divisheni ya askari wa miguu ya Marekani ilikuwa na watu takriban 14,000, wakati nyingi za Kisovyeti, baada ya umwagaji damu wa Berlin, zilikuwa zimebaki na elfu chache. Isitoshe, Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovyeti, lilikuwa likitembelea magurudumu ya Marekani: malori na magari madogo ya jeshi zaidi ya 400,000 yalikuwa yametoka huko kwa njia ya msaada wa vita, pamoja na nyama ya makopo na sehemu kubwa ya petroli bora ya ndege. Msaada huo ungekatika siku risasi ya kwanza inapolia.

Binti Chimwaga:
Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu petroli, lakini malori yaliyokwishafika yasingerudi Detroit. Vifaru vya T-34 vilitengenezwa Urusi kwenyewe, na makamanda kama Zhukov na Konev walikuwa na uzoefu wa kusukuma mamia ya maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Miezi ya kwanza ingekuwa yao.

Wanaotegemea bomu la atomiki nao waangalie kalenda. Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 16 Julai, yaani wiki mbili baada ya siku iliyopangwa ya shambulio, na mabomu mawili ya Agosti yalikuwa karibu akiba yote iliyokuwepo.

Ninaloliona kuwa zito zaidi ni reli. Reli ya Urusi wakati huo ilikuwa pana, milimita 1,524, ya Ulaya ni 1,435, ambacho ni kipimo kilekile cha SGR yetu. Sisi wa Dodoma tunaelewa maana yake, kwa sababu behewa la reli ya zamani haliwezi kupanda SGR; mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Wasovyeti walikwishapanua baadhi ya njia nchini Poland, lakini kadiri wangesonga kuelekea mto Rhine, magharibi mwa Ujerumani, ndivyo kila gunia la unga na kila kombora lingepitia mikono mingi zaidi, tena chini ya ndege za mabomu za Waingereza na Wamarekani.

Mkazi wa Kongwa:
Mwalimu na dada yangu wa Chimwaga wamepima silaha vizuri, ila naona wamesahau mtu anayeishika silaha. Wamarekani walikuwa bado wanapigana na Japani, na Stalin alikwishaahidi kwenye mkutano wa Washirika kule Yalta kuingia vita hiyo. Rais Truman wa Marekani asingempoteza msaidizi huyo kwa ajili ya Poland, nchi ambayo mpango wa Churchill ulitaka itendewe haki. Wapiga kura wa Uingereza, wakiwemo askari, walimwondoa Churchill madarakani mwezi Julai, na Januari 1946 wanajeshi wa Marekani waliandamana Manila na Frankfurt wakidai kurudishwa makwao. Vifaru vyenyewe havikukaa kusubiri vita nyingine: baadhi ya vifaru vya Kimarekani vya Sherman viligeuzwa matrekta kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza kufyeka pori hapa kwetu Kongwa mwaka 1947.

Mdau wa Makole, Dodoma:
Nashukuruni nyote. Kwa hiyo mzee wetu atapewa kahawa ya mwaka wa kwanza. Swali dogo tu: Churchill alipoletewa hesabu hiyo ya divisheni 264, alijibu nini?

Mwalimu Mstaafu, Kisasa:
Aliacha habari ya kushambulia. Aliwaagiza maofisa walewale waandae mpango wa namna ya kukilinda kisiwa cha Uingereza endapo Wamarekani wangeondoka na Wasovyeti wakasonga mbele hadi baharini.